Seva iliyodai imesasishwa: kisa cha ufunguo uliokwisha muda Kakamega

Mwishoni mwa Februari 2025, Sacco moja ya mjini Kakamega ilipokea ripoti ya mkaguzi wa usalama wa kompyuta. Mstari mmoja ulikuwa umetiwa rangi nyekundu: seva inayobeba tovuti ya wanachama ilikuwa bado inaendesha nginx 1.26.1, programu inayopokea wageni wa tovuti na kuwapa kurasa, toleo la tarehe 29 Mei 2024. Baada ya hilo yalikuwa yametoka mawili mengine, 1.26.2 tarehe 14 Agosti 2024 na 1.26.3 tarehe 5 Februari 2025, na kila moja lilikuja kuziba tundu la usalama. Meneja akamwita kijana anayetunza kompyuta za ofisi. Kijana akajibu kwa kujiamini kwamba seva hujisasisha yenyewe kila Jumapili usiku, na haijawahi kulalamika.

Ndipo simu ikanifikia Kisumu.

"Mkubwa, huyu mkaguzi anasema hatujasasisha. Mimi nina faili hapa, kila Jumapili imeandika 'tayari'. Sasa nani anadanganya?"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hicho ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki kwa urefu. Makosa ya ufunguo wa sahihi, ule unaothibitisha kwamba programu kwenye ghala la mtandaoni imetoka kwa mwenyewe, huandikwa kana kwamba ni kero ya dakika tano: unanakili amri, onyo linapotea, unaendelea na maisha. Hapa Kakamega onyo lilikuwepo tangu katikati ya Juni 2024. Hakuna aliyeliona, na amri za kunakili ambazo kijana alikuwa amezipata zingeweza kulipoteza onyo na kuiacha seva pabaya zaidi.

Kwanza, hali ya seva yenyewe. Ni Ubuntu 22.04, aina ya Linux, kwenye mashine moja ndani ya kabati la ofisi, yenye betri ya kuhimili stima inapopotea, jambo la kawaida Kakamega mvua ya alasiri ikija na radi zake. Nginx imekaa mbele, nyuma yake kuna programu ya akaunti za wanachama. Mkandarasi wa awali hakutumia nginx inayokuja na Ubuntu, ambayo kwa 22.04 ni 1.18. Aliongeza ghala la nginx.org ili apate matoleo mapya. Kwenye anwani hiyohiyo ya IP na bandari hiyohiyo 443 kuna tovuti mbili: ya wanachama, iliyo wazi kwa umma, na ya wafanyakazi, ambayo haifunguki mpaka kompyuta yako ionyeshe cheti cha kidijitali ulichopewa na ofisi.

Mpangilio huo wa tovuti mbili ndio ulionifanya nisiichukulie ripoti ya mkaguzi kama karatasi tu. Tundu lililozibwa na toleo la Agosti, lenye namba rasmi CVE-2024-7347, linahusu moduli ya mp4, na Sacco haina video yoyote ya kuonyesha mtu. Hilo ningelilalia bila wasiwasi. La Februari ni habari nyingine. CVE-2025-23419 inahusu seva yenye tovuti zaidi ya moja kwenye IP na bandari moja, ikitumia TLS 1.3, itifaki ya kufunga mawasiliano kwa siri: mtu anaweza kuanzisha kikao kwenye tovuti moja kisha akakiendeleza kwenye nyingine, na hivyo akaruka ukaguzi wa cheti cha mteja. Ukisoma maelezo hayo halafu ukatazama usanidi wa Sacco hii, unaona kama umeandikwa kwa ajili yao.

Sasa, kwa nini seva iliyosasishwa kila Jumapili haikusasishwa? Niliingia kwa mbali na kuanza na swali ambalo wengi hulisahau, la kujua apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka na kusasisha programu, yenyewe inaamini nini:

apt-cache policy nginx

Jibu: toleo lililowekwa ni 1.26.1, na toleo jipya kabisa linalopatikana ni 1.26.1. Yaani kwa maoni ya apt hapakuwa na jambo lolote la kufanya. Haikuwa imekataa kusasisha. Haikujua kuwa kuna kipya. Nikaangalia faharasa, yaani orodha ya vifurushi, iliyoihifadhi kutoka kila ghala:

ls -l /var/lib/apt/lists/ | grep nginx

Faili ya InRelease ya nginx.org ilikuwa na tarehe ya kabla ya katikati ya Juni 2024, ilhali za Ubuntu zilikuwa za juzijuzi. Kiini cha mfumo kilikuwa kipya, openssl mpya, kila kitu kipya isipokuwa mlango wa mbele. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Mtu akiingia akaona viraka vingi vya wiki hii, hawezi kudhani kwamba kimoja kimebaki nyuma miezi minane.

Nikaendesha apt-get update kwa mkono, bila kuficha matokeo. Kati ya mistari mingi ya kawaida ukatokea huu:

W: An error occurred during the signature verification. The repository is not updated and the previous index files will be used. GPG error: http://nginx.org/packages/ubuntu jammy InRelease: The following signatures were invalid: EXPKEYSIG ABF5BD827BD9BF62 nginx signing key

Halafu nikauliza amri hiyo imemaliza vipi:

echo $?

Ikajibu 0. Sifuri, katika Linux, ni kusema "salama". Nikafungua hati ya kila Jumapili inayoendeshwa na cron, kipanga kazi cha Linux:

apt-get update >/dev/null 2>&1 && apt-get -y upgrade >/dev/null 2>&1 && echo "$(date) tayari" >> /var/log/sasisho.log

Hapo siri yote ikafichuka. Onyo lilitolewa kila wiki likamwagwa kwenye /dev/null, shimo la kutupia la Linux, apt ikarudisha sifuri, hatua ya pili ikaendelea na faharasa ya zamani, ikakuta hakuna nginx mpya, ikamaliza salama, na faili ikaandika "tayari".

Niitetee apt kidogo, maana kijana alianza kuilaumu. Herufi ya kwanza ya ujumbe ule ni W, si E. Kama seva haijawahi kusoma ghala hilo hata mara moja, ufunguo mbovu huleta E na amri hushindwa kabisa. Lakini kama iliwahi kulisoma likathibitishwa, apt hubaki na faharasa ile ya mwisho iliyoiamini, hutoa onyo, na kuendelea na maghala mengine. Kuna busara hapo: hutaki ghala moja la nje lizuie viraka vya usalama vya Ubuntu nzima. Tatizo ni kwamba busara hiyo inadhani kuna mtu anasoma maonyo.

Kabla ya tiba, ni lazima kujua sahihi inafanya kazi gani, kwa sababu tiba mbovu zote hutokana na kutojua. Ghala la apt lina faili iitwayo InRelease. Ndani yake kuna orodha ya faharasa na hashi ya SHA256 ya kila moja, yaani namba inayokokotolewa kutoka maandishi yake; ndani ya faharasa kuna hashi ya kila kifurushi. Sahihi moja juu ya InRelease kwa hiyo inabeba uzito wa kila kifurushi ghalani. Ukibadilisha herufi moja ya kifurushi, hashi haitalingana. Ukibadilisha hashi, faharasa haitalingana. Ukibadilisha faharasa, InRelease haitalingana na sahihi. Ndiyo maana maghala mengi yaliendeshwa miaka mingi kwa http tupu bila balaa: njia haikuhitaji kuaminika, mradi sahihi iaminike. Ghala la Sacco lilikuwa la http. Ukiondoa ukaguzi wa sahihi hapo, yeyote aliye kati ya kabati la Kakamega na intaneti anaweza kukupa programu ya kuendesha kama mkuu wa mfumo.

Sasa neno lile moja, EXPKEYSIG. Watu hulisoma kama "kosa la GPG" na kutafuta dawa ya kosa la GPG, ilhali GPG, programu inayokagua sahihi, ina maneno kadhaa na kila moja ni ugonjwa wake.

EXPKEYSIG maana yake sahihi ni nzuri kimahesabu, na ufunguo unao, ila ufunguo ulionao umepita tarehe yake ya mwisho. NO_PUBKEY maana yake kuna sahihi lakini huna ufunguo wa kuikagua, au unao na apt haiwezi kuusoma, jambo litakalotukuta hapa chini. Jenkins walipobadilisha ufunguo wao tarehe 28 Machi 2023, seva zisizo na ufunguo mpya zilipata NO_PUBKEY. Kali Linux vilevile Aprili 2025, waliposema wazi kwamba wamepoteza uwezo wa kutumia ufunguo wa zamani na kuleta mpya. BADSIG ndiyo ya kuogopa: sahihi na maandishi havilingani. Mara nyingi sababu ni faili iliyokatika njiani au proksi (seva ya katikati) iliyochanganya ya jana na ya leo, na kusafisha /var/lib/apt/lists hutosha, lakini BADSIG isiyoondoka baada ya kubadilisha mtandao si ya kupuuza kamwe.

Kuna na ujumbe mwingine ambao sisi wa huku tunaukuta kuliko wenzetu, unaosema faili iliyotiwa sahihi si halali, na neno NOSPLIT. Huo hauhusiani na funguo hata kidogo. Bando limeisha, mtoa huduma anakupeleka kwenye ukurasa wa kununua bando, na apt imepokea ukurasa huo mahali pa InRelease. Nimeona watu wakifuta funguo zao zote kwa sababu ya bando la shilingi hamsini.

Saa ya mashine nayo huangaliwa mapema. Betri ndogo ya ubao ikifa na stima ikapotea, seva inaweza kuamka ikidhani iko mwaka mwingine, na apt italalamika kwamba faili ya Release bado haijaanza kutumika, au itaona ufunguo mzuri kama uliokufa. Hapa date na timedatectl zilionyesha saa sahihi, nikaliacha hilo.

Kwa hiyo tulikuwa na ufunguo uliokwisha muda kweli. Ufunguo wa nginx ambao namba yake inaishia kwa ABF5BD827BD9BF62 uliundwa tarehe 19 Agosti 2011, na nakala iliyokuwa kwenye seva ilisema utakoma tarehe 14 Juni 2024. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya ufunguo tangu mkandarasi alipouweka, na yeyote angeweza kuisoma. Wenye nginx walishughulikia mapema: mwishoni mwa Mei 2024 walitoa faili mpya ya funguo, ambamo ufunguo huuhuu umesogezewa mwisho hadi tarehe 24 Mei 2027, pamoja na funguo mbili mpya za akiba.

Kijana alikuwa ameshajaribu mambo mawili kabla sijaingia, na la tatu alikuwa ameliandaa.

La kwanza lilikuwa apt-key adv ikivuta ufunguo kutoka seva ya funguo. Haikufika popote, kipanga njia cha ofisi kinazuia bandari 11371 inayotumiwa na seva hizo. Afadhali. Apt-key ilitangazwa kuwa ya kuachwa tangu 2020, na Ubuntu 22.04 ndiyo ya mwisho kuahidiwa kuwa nayo. Ubaya wake si uzee. Ufunguo unaouweka kwa apt-key huingia kwenye /etc/apt/trusted.gpg, na ufunguo uliomo humo unaruhusiwa kuthibitisha ghala lolote kwenye seva ambalo halijafungiwa ufunguo wake. Ufunguo wa kampuni ndogo ya programu ya chelezo unaweza kuapa kwa niaba ya Ubuntu yenyewe.

La pili, alipakua ufunguo kwa wget kutoka anwani aliyoipata mahali, akauweka kwenye trusted.gpg.d, na apt ikasema faili hiyo inapuuzwa kwa sababu aina yake haieleweki. Nilipofungua mstari wake wa kwanza nilikuta HTML: alikuwa amehifadhi ukurasa wa tovuti, si ufunguo.

La tatu lilikuwa tayari kwenye kihariri, likisubiri kuhifadhiwa: [trusted=yes] kwenye mstari wa ghala. Hili huenda lingefanya kazi: onyo litoweke, nginx isasishwe, mkaguzi afurahi. Ni sawa na karani aliyechoshwa na muhuri uliofifia kwenye barua ya chifu, akaamua kuanzia leo barua zote zipite bila muhuri. Nyaraka za apt zenyewe zinasema chaguo hilo ni la mahali pa ndani panapoaminika, kama hata huko litumike. Kwa ghala la http linalopita kwenye mtandao wa umma, kwenye seva ya akiba za watu, mimi siwezi kulikubali hata kwa dakika kumi za "nitaliondoa baadaye". Baadaye hiyo haijagi.

Tulifanya hivi. Kwanza kupakua ufunguo bila kuuweka popote:

curl -fsSL https://nginx.org/keys/nginx_signing.key -o /tmp/nginx.asc
head -1 /tmp/nginx.asc
gpg --show-keys --with-fingerprint /tmp/nginx.asc

Ile -f ya curl huzuia ajali moja: seva ikijibu kwamba ukurasa haupo, curl hushindwa badala ya kuhifadhi ukurasa wa kosa. Yaliyompata kijana hunaswa na head -1, inayoonyesha mstari wa kwanza wa faili. Amri ya tatu inaonyesha alama za vidole za funguo, yaani namba ya utambulisho ya kila mmoja. Ya ufunguo wetu ni:

573B FD6B 3D8F BC64 1079 A6AB ABF5 BD82 7BD9 BF62

Hapa ndipo nilipomtaka kijana asimame kidogo. Akauliza, na swali lake lilikuwa zuri: "Tutajuaje huu si wa mtu mwingine? Tumeutoa mtandaoni tu."

Jibu lilikuwa tayari ndani ya seva. Tulitoa orodha ya funguo za zamani kwenye trusted.gpg, tukaweka alama mbili za vidole moja chini ya nyingine, herufi zote 40. Zililingana. Huu ni ufunguo uleule ambao seva iliuamini tangu siku ya kwanza. Na tarehe mpya? Tarehe ya mwisho ya ufunguo huandikwa katika sahihi ambayo ufunguo hujitilia wenyewe. Ni mwenye sehemu ya siri tu awezaye kuisogeza. Mtu wa njiani hawezi kutunga nyongeza ya miaka mitatu. Ndiyo maana EXPKEYSIG, ikishughulikiwa kwa utulivu, ni kosa lenye tiba salama kuliko NO_PUBKEY: imani uliyonayo inavuka yenyewe kwenda mbele. Kwa funguo mbili mpya zilizomo kwenye faili hiyo hatukuwa na cha kulinganisha ndani ya seva. Hizo tulizilinganisha na alama zilizochapishwa kwenye ukurasa wa nginx.org wa kuweka programu, kwa kutumia simu na mtandao mwingine, si ule wa ofisi.

Baada ya hapo, ufunguo kwenye mahali pake na ghala kuandikwa upya:

install -d -m 755 /etc/apt/keyrings
cp /tmp/nginx.asc /etc/apt/keyrings/nginx.asc

na faili /etc/apt/sources.list.d/nginx.sources:

Types: deb
URIs: https://nginx.org/packages/ubuntu
Suites: jammy
Components: nginx
Signed-By: /etc/apt/keyrings/nginx.asc

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani. Unasema ufunguo huu ni wa ghala hili tu, na ghala hili halikubali ufunguo mwingine. Hatukuhitaji kuugeuza kwa --dearmor kama maelekezo mengi yanavyodai. Apt ya siku hizi husoma ufunguo wa maandishi moja kwa moja, mradi jina liishe kwa .asc.

Tukaendesha update tena. Kosa likabadilika. Badala ya EXPKEYSIG sasa tulipata NO_PUBKEY ABF5BD827BD9BF62, kwa ufunguo ambao tumetoka kuuweka kwa mikono yetu.

Kijana akataka kurudi kwenye trusted=yes. Ninamwelewa, kosa linalobadilika sura huchosha kuliko linalobaki palepale. Lakini kosa kubadilika ni habari njema, maana yake hatua moja imepita. Mistari michache juu yake apt ilikuwa imeeleza sababu: faili ya ufunguo imepuuzwa kwa kuwa haisomeki na mtumiaji _apt. Apt haikagui sahihi kama root, yaani mkuu wa mfumo. Hushusha madaraka na kuwa _apt, mtumiaji asiye na ruhusa za maana. Na mkandarasi wa awali, katika kuimarisha usalama, alikuwa ameweka umask ya root, kanuni ya ruhusa za faili mpya, kuwa 077, kwa hiyo kila faili ambayo root anaiunda husomeka na root peke yake. Dawa:

chmod 644 /etc/apt/keyrings/nginx.asc
sudo -u _apt head -1 /etc/apt/keyrings/nginx.asc

Amri ya pili ni ya kuhakikisha kwa macho ya _apt mwenyewe. Ufunguo wa umma hauna siri. Kuufunga ni kujisumbua bure.

Bado EXPKEYSIG moja ilibaki. Ilitoka kwenye mstari wa zamani wa http uliokuwa umesahaulika ndani ya /etc/apt/sources.list. Grep -r nginx.org /etc/apt ikauonyesha, tukaufuta. Kama mistari yote miwili ingekuwa na anwani ileile, apt ingegoma kabisa na kusema thamani za Signed-By zinagongana, na tungeuona mapema zaidi.

Update iliyofuata ilipita kimya, na apt-cache policy ikaonyesha 1.26.3. Tulisubiri ofisi ifunge, tukachukua nakala ya /etc/nginx, tukasasisha, tukapima usanidi kwa nginx -t, tukaiwasha upya. Neno la tahadhari: nginx -v inasema toleo la faili iliyo kwenye diski, si la mchakato unaohudumia watu. Tulihakikisha mchakato ni mpya kwa kuangalia /proc/PID/exe. Ikiwa bado inaelekeza kwenye faili iliyofutwa, unaendesha ile ya zamani hata kama -v inakupongeza.

Kisha trusted.gpg. Ndani yake mlikuwa na funguo za programu ambazo Sacco haizitumii tena, na hakuna ghala lililozihitaji, kwani za Ubuntu hukaa kwenye trusted.gpg.d. Tuliihamisha faili nzima nje ya /etc/apt, tukaendesha update, hakuna kilicholalamika.

Hati ya Jumapili nayo ilibadilishwa. Sasa inaita apt-get update --error-on=any, chaguo linalogeuza kila onyo la aina hii kuwa kushindwa kwa kweli, na matokeo yanaandikwa kwenye faili badala ya kumwagwa. Ikishindwa, barua pepe inakwenda kwa kijana na kwa meneja pia. Meneja alinung'unika kwamba hataelewa. Nikamwambia hana haja ya kuelewa. Akipata barua hiyo mara mbili mfululizo, amuulize kijana. Nyongeza nyingine ni hati fupi inayosoma tarehe za mwisho za kila ufunguo ulio kwenye keyrings na kupiga kelele ikiwa zimebaki siku chini ya 60, kwa hiyo tarehe 24 Mei 2027 haitatukuta tumelala.

Niliwauliza pia kama kweli wanahitaji ghala la nginx.org. Ile 1.18 ya Ubuntu ni ya zamani kwa namba, lakini Ubuntu huirudishia viraka vya usalama, na ufunguo wake unatunzwa pamoja na mfumo mzima. Kila ghala la nje ni ufunguo mmoja zaidi wa kufuatilia, kwa ofisi yenye fundi mmoja ambaye pia ndiye anayebadilisha wino wa printa. Kwa maoni yangu wangerudi kwenye ya Ubuntu. Waliamua kubaki, kwa sababu usanidi wao una mambo ambayo 1.18 haiyajui, na kuuandika upya kungegharimu zaidi. Ni uamuzi wa haki, mradi anayeufanya anajua gharama yake.

Lilibaki swali la mkaguzi, na la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nyuma yake: je, kuna mtu aliyepita kwenye ukurasa wa wafanyakazi bila cheti? Ukurasa huo una jina la mtumiaji na nywila nyuma ya cheti, na kumbukumbu za programu hazikuonyesha mtu kuingia kutoka anwani ngeni. Lakini kumbukumbu za nginx hazikuwa na sehemu ya matokeo ya ukaguzi wa cheti, kwa hiyo upande huo hazikuweza kujibu lolote. Tuliongeza sehemu hiyo, $ssl_client_verify, kwenye log_format, muundo wa kumbukumbu za nginx, jioni ileile, na tovuti ya wafanyakazi ikahamishiwa bandari yake yenyewe, mbali na ya wanachama. Mkaguzi alirudi Machi, akapima tena, akaufuta mstari mwekundu, na akaacha mwingine wa njano: betri ya kabati haijapimwa tangu iwekwe.